Kocha Asiyejua Kupiga

Sijui Kocha alizaliwa wapi hasa, wala baba yake alikuwa nani. Kwa miaka yote niliyomwendesha mjini Riyadh hakunieleza, nami sikumuuliza, kwa sababu dereva husikiliza anachoambiwa. Nilichoambiwa siku ya kwanza, kabla hata hatujavuka lango la kompaundi, ni kwamba alikuwa mchezaji mbovu aliyelipwa karibu miaka ishirini kucheza.

"Mbovu wa nini?" nikamuuliza.

"Wa kupiga. Kudaka nilikuwa mzuri. Kupiga, hapana."

Nilidhani anazungumzia ndondi.

Mchezo wake ulikuwa besiboli. Mimi ni mtu wa Machakos. Mpira nilioujua ni ule wa miguu, na mtu mwenye gongo uwanjani niliyemfahamu ni askari anayezuia watu wasiruke ukuta. Kocha akanifafanulia kwenye foleni ya magari, akitumia chupa ya maji kama gongo na dashibodi kama uwanja. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne huku wenzi wa mrushaji wakihangaika kuudaka. Yeye alikuwa akisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Nafasi hiyo inaitwa shotistopu. Ndipo mipira mingi inapopita, ikiwa na kasi ya kuvunja jino, na timu hutafuta mtu asiyeiogopa. Wakimpata humvumilia mengi.

"Walinivumilia mengi," akasema, akayanywa maji ya kile kilichokuwa gongo.

Sote wawili tuliletwa na mawakala. Wangu alikuwa na ofisi Nairobi juu ya duka la viatu. Wake alikuwa na ofisi katika kisiwa fulani cha Karibi wanakozungumza Kihispania. Aliyetupokea alikuwa mmoja: kampuni iliyowafundisha michezo watoto wa kwenye makompaundi, ile mitaa ya wageni iliyozungushiwa kuta ndefu na nyaya. Yeye aliajiriwa kufundisha besiboli, mimi kuendesha basi dogo la watoto na kumpeleka yeye kila alikotaka, maana hakuwa na leseni ya gari. Pasipoti zetu zilikaa kwenye kabati moja la meneja. Alipogundua hilo alifurahi. Alisema hajawahi kuwa na mwenzake wa chumba aliye mtulivu kama pasipoti yangu.

Tulizungumza Kiingereza, changu cha shule ya msingi, chake cha vyumba vya kubadilishia nguo. Mimi Waarabu waliniita Musa kwa sababu Musyoka liliwashinda. Yeye aliniita Kapteni. Wengine wote walimwita Kocha.

Alikuwa mweusi kunishinda, mwembamba, na mvi chache. Hilo lilimletea mambo. Mlinzi mpya wa langoni alimzuia mara nyingi akitaka kujua amekuja kufagia nyumba ipi, huku mimi nikipita na basi nikipungiwa mkono. Tulipokwenda Batha, sokoni katikati ya mji, siku za mapumziko, mimi kununua unga wa ugali na yeye kutazama watu, polisi walimwomba yeye ikama, kile kibali cha ukaazi, wakaniacha mimi. Na Wakenya wa Batha, wanaojaa pale Ijumaa kutuma pesa na kutafutana, walimsalimia wakipita: "Sasa, mzee?" Nilikuwa nimemfundisha kujibu "Poa." Akajibu "Poa," halafu hakuwa na la kuongeza, akasimama tu akiwatazama. Baada ya miezi michache wakakata shauri kwamba ni mtu wa Kisumu anayejifanya Mmarekani. Mmoja alinivuta kando akaniambia nimshauri ndugu yangu apunguze maringo.

Nilimtafsiria. Akasema hata nyumbani waliwahi kumwambia hivyo hivyo.

Kuhusu udhaifu wake wa kupiga hakuficha kitu, au ndivyo nilivyoamini. Aliueleza kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Alifika mpaka ligi kubwa ya Marekani, ile ambayo wavulana wote wa kisiwani kwao huiota, akakaa huko vipindi vifupi vifupi, akarudishwa ligi za chini, akapandishwa tena mtu alipovunjika mguu. Kila mahali ilikuwa ile ile. Akiwa uwanjani anadaka, watu wanasimama kwa mshangao. Ikifika zamu yake ya kupiga, wanasimama kwenda kununua chakula.

"Wauza soseji walinipenda sana," alisema. "Mmoja alinipa soseji bure msimu mzima. Nilikuwa mshirika wake wa biashara."

Mara moja timu ilimtoa kwa timu nyingine, ikapewa kwa kubadilishana mchezaji ambaye bado hajachaguliwa. Nilimwambia hilo haliwezekani. Akasema linawezekana, lipo kwenye sheria za mchezo.

"Yaani walikupeleka kule, na kule hawakuwa wamejua watamleta nani?"

"Walisema watamfikiria."

"Wakampata?"

"Wakampata baadaye. Hakujua kudaka wala kupiga. Lakini alikuwa kijana."

Kufukuzwa kazi alikujua kama fundi anavyoijua misumari. Alisema wanaofukuza vibaya hupiga kelele, na hao hawana neno. Wazoefu hukuita ofisini, wanakupa kiti, wanakuuliza habari za mama yako. "Kapteni, ukisikia wanaulizia mama, nenda ukafunge mizigo."

Sasa tabia zake. Alifika uwanjani mapema kuliko wote, akiinama na kuokota vijiwe kwenye udongo, kimoja kimoja, akivitia mfukoni. Kijiwe kidogo hubadilisha njia ya mpira, naye hakutaka mtoto apigwe usoni kwa kosa la kijiwe. Suruali zake zote zilitoboka mifuko. Hakuwahi kupanga foleni akawa wa kwanza. Benki, kliniki, dukani, alirudi nyuma akawapisha watu mpaka akawa wa mwisho. Nilidhani ni adabu. Ndani ya gari alikaa kiti cha mbele, na kila nilipomsemesha aligeuka mzima mzima, mabega na yote, akanitazama usoni. Nilidhani hiyo pia ni adabu, nikamwandikia mke wangu kwamba nimepata bosi anayeheshimu watu.

Na hakuwa mpole wakati wote. Kwa watoto alikuwa na subira ya ajabu. Mtoto angeweza kukosa mpira siku nzima naye akamrushia mwingine, taratibu, kana kwamba ndio wa kwanza. Lakini na watu wazima alikuwa mkorofi. Alimrudishia mpishi wa mgahawa wali kwa sababu ulikuwa na zabibu. Alinuna wiki nzima kwa kuwa nilikula embe lake. Nilimnunulia mengine, akayala, akaendelea kununa.

Aliwahubiria watoto ukweli. Mtoto aliyeguswa na mpira akajifanya hakuguswa aliondolewa uwanjani. Lakini mtu huyo huyo aliwafundisha hila moja ambayo wazazi kadhaa walikuja kulalamika juu yake. Unadaka mpira, unauficha ndani ya glavu, unatembea polepole kama mtu aliyemaliza shughuli. Mpinzani aliye kwenye kituo anadhani mpira uko kwa mrushaji, anatoka kidogo kujinyoosha. Unamgusa kwa mpira akiwa nje ya kituo. Ametoka.

Baba mmoja, mhandisi, akamwuliza, "Huko si kudanganya?"

"Sijasema neno lolote," Kocha akajibu. "Yeye ndiye aliyefikiri."

Katika waliokuja kutazama mazoezi alikuwamo Mwanasiti, dada wa Kwale, aliyefanya kazi za ndani kwa familia moja ya mle kompaundini. Watoto wawili wa madam wake walikuwa kwenye timu, naye alitumwa kuwalinda wasichomwe na jua. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe, akakaa kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa mtu wa kusema lililopo. Kocha alimwogopa kidogo, na chai yake aliipenda mno.

"Mwambie mzee wako," aliniambia siku moja, "awafundishe hawa watoto kuosha soksi. Kudaka wameshajua."

Nilimwambia. Wiki ile watoto waliosha soksi uwanjani, kwenye ndoo, na tangu hapo mazoezi ya kila Jumamosi yalianza kwa soksi.

Kisha tukaenda Jeddah. Timu ya kule ilitualika, na tukaondoka na basi alfajiri, watoto wamelala, Kocha akiwa macho akihesabu ngamia. Karibu na Makka barabara inagawanyika, Waislamu huku na wasio Waislamu kule. Mimi na Kocha tulipitia ya wasio Waislamu, na watoto wote Waislamu tuliowabeba wakapitia nasi bila kulalamika. Familia ya madam wake Mwanasiti ilikuja kwa gari lao, naye akaja nao.

Watoto wetu walishinda. Ingeishia hapo, lakini wazazi wa Jeddah wakataka mechi ya watu wazima, na wakasikia kwamba kati yetu yumo mtu aliyecheza ligi kubwa. Wakaanza kumpiga picha. Mtoto wetu mmoja alikuwa akiwatangazia wenzake wa Jeddah kwamba Kocha ataupeleka mpira baharini.

Aliyerusha upande wao alikuwa daktari wa meno mwenye kitambi.

Kocha alishika gongo, akasimama vizuri kama alivyowafundisha watoto. Mpira wa kwanza ulipita, gongo likapita nyuma yake. Wa pili, gongo lilitangulia. Wa tatu, ambao ndio wa mwisho kwa mpigaji, sijui alikuwa akiutafuta wapi. Ametoka. Zamu yake ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu, yule daktari wa meno aliona aibu akaurusha polepole kama anamrushia mgonjwa, na Kocha akaukosa huo pia.  Watoto wetu walikuwa wakitazama viatu vyao. Yeye alirudisha gongo mahali pake, akalipanga sawa na mengine, akavaa glavu, akaenda kusimama kwenye nafasi yake.

Hapo ndipo nikaona kile walichomlipia. Kijana mmoja wa Jeddah, mwenye mabega kama mlango, aliupiga mpira chini kwa nguvu zake zote. Naapa Kocha aliondoka kabla gongo halijaugusa. Alikuwa ameshafika. Mpira ukagonga ukingo wa nyasi ukaruka upande usiofaa, mkono wake ukaenda nao upande ule usiofaa kana kwamba walikubaliana, na kabla hajasimama wima alikuwa ameshaurusha kituo cha kwanza. Mzee wa zaidi ya miaka hamsini. Yule kijana hakuwa amefika hata nusu ya njia. Alisimama, akavua kofia, akacheka. Watu wakapiga makofi mpaka Kocha akaudhika, akawaonyesha kwa mkono mchezo uendelee.

Mwanasiti hakupiga makofi. Alikuwa akifikiri.

"Kaka Musyoka," akaniambia tukifunga vitu, "mzee wako haoni upande wa kushoto."

"Haoni? Hukuona alivyodaka?"

"Alivyodaka alikuwa ameuelekea mpira kwa uso. Mimi nasema upande. Nikimpa chai upande wake wa kulia anapokea bila hata kutazama. Nikimpa kushoto anashtuka kama nimetoka chini ya ardhi. Muulize."

Nilimuuliza kesho yake tukirudi, watoto wamelala, jangwa pande zote mbili. Nilitaka kumuuliza kwa hekima. Nilichosema ni, "Kocha, jicho lako la kushoto linaona?"

 Tulipita vituo viwili vya mafuta.

"Nani amekwambia?"

"Mwanasiti."

"Nilijua yule mwanamke ni hatari," akasema. Kisha akageuka, mabega na yote, na safari hii nikaelewa kwa nini.

Jicho lile halikuwahi kuona chochote zaidi ya mwanga tangu alipojitambua. Alipokuwa mvulana, watu wa timu kubwa walikuja kisiwani kwao kuchagua wachezaji. Walimpenda. Kikabaki kipimo cha daktari: ubao wa herufi ukutani, unafunika jicho hili unasoma, unafunika lile unasoma. Wavulana walipanga foleni mlangoni. Yeye alirudi nyuma, akawapisha wote, akawa wa mwisho, na kila mmoja aliyesoma yeye alimsikiliza. Ilipofika zamu yake alikuwa amezimeza herufi zote. Akafunika jicho zima, akauelekea ukuta asiouona, akazisoma.

"Na kila mwaka?"

"Kila mwaka, kila timu. Wa mwisho kwenye foleni. Wakadhani mimi ni mtu wa adabu."



Akanieleza mengine. Mpigaji anayetumia mkono wa kulia humpa mrushaji bega la kushoto, kwa hiyo jicho la kushoto ndilo linaloutangulia mpira. La kulia lina pua mbele yake. Yeye aliuona mpira ukiwa umekwisha kufika.

"Si ungesimama upande wa pili?"

"Nilijaribu. Nilionekana kama mtu anayefagia."

Kudaka kulikuwa tofauti. Shotistopu anautazama mchezo kwa mbele, na kabla ya mpira kuja kuna mambo mengi ya kusoma: mguu wa mpigaji, kiuno chake, sauti ya gongo. Alijifunza kuondoka kwa sauti. Aliwahi kuwa na mwalimu mmoja mwema, mzee, aliyeamini kwamba hapigi kwa sababu ya uvivu. Mzee yule alibaki naye uwanjani kila jioni akimrushia mipira mpaka ngozi ya viganja vya Kocha ikatoka. Hakumwambia.

"Kwa nini hukumwambia? Alikuwa mtu mwema."

"Afadhali kuitwa mvivu, Kapteni. Mvivu anaweza kubadilika, kwa hiyo wanakusubiri. Kipofu hawamsubiri."

Tulifika Riyadh jua likitua nyuma ya vumbi. Aliniomba nisimwambie mtu, nikaapa. Mwanasiti naye aliniahidi hatasema, na akaendelea kumpa chai, sasa daima upande wake wa kulia, bila maelezo.

Ulipita muda. Kisha meneja akatuita wafanyakazi wote. Kampuni ilikuwa ikibana matumizi. Kuanzia mwezi uliofuata kila mwalimu angejiendesha mwenyewe, na kati ya madereva wangebaki wachache wa mabasi makubwa. Waliokuja karibuni wangepewa karatasi ya kuondoka nchini. Mimi nilikuwa wa karibuni. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu, na nyumba yetu kule Machakos ilikuwa imefika kwenye linta, bado haina paa. Lakini kama yupo mwalimu asiyeweza kupata leseni kwa sababu ya afya, meneja alisema, huyo ataruhusiwa dereva.

Alisema hilo haraka, kama kitu kisichoweza kumhusu mtu aliyemo mle chumbani.

Sikumtazama Kocha. Nilikuwa nimeapa kutosema, na sikutaka macho yangu yaseme. Usiku ule sikumtumia mke wangu habari.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Kocha kupimwa macho kwa ajili ya leseni, kwenye kituo kimoja kidogo karibu na shule ya udereva. Kulikuwa na foleni. Alirudi nyuma, akawapisha watu, akawa wa mwisho. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamtazama akiwasikiliza wote waliomtangulia, na niliona midomo yake ikitembea. Nikasema moyoni, halas, nimekwisha.

Mpimaji alikuwa kijana aliyechoka, mkono mmoja kwenye simu. Akamwambia afunike jicho la kushoto. Kocha akasoma. Akamwambia afunike la kulia.

Kocha akalifunika. 

"Soma."

"Sioni."

"Mstari wa juu."

"Sioni mstari. Sioni ubao."

Kijana akainua macho kwenye simu kwa mara ya kwanza. Akamtazama mzee, akatazama saa, akapunga mkono. "Mafi mushkila, hakuna tatizo, mzee. Jicho moja linatosha." Akachukua muhuri.

Nilidhani Kocha atashukuru. Badala yake akaweka kiganja juu ya ile karatasi.

"Andika kwamba silioni."

"Mzee, nakusaidia."

"Usinisaidie. Andika."

"Unataka leseni au hutaki?"

"Nataka uandike ninachoona."

"Unaona nini?"

"Taa. Basi."

Wakavutana. Kijana akasema kila siku anapitisha watu wenye macho mabaya kuliko hayo na wanaendesha malori. Kocha akasema hilo linaonekana barabarani. Akaja mkubwa wa kijana, akasikiliza pande zote mbili, akashangaa, na mwishowe karatasi ikapigwa muhuri wa kukataliwa kwa hasira kubwa. Tulipotoka Kocha alitangulia kwenye gari. Akaketi mbele. Akasema, "Yalla, Kapteni," nami nikawasha gari.

Nilibaki kazini. Meneja alitimiza neno lake, nikaandikwa dereva wa Kocha rasmi.

Lakini jambo likishaandikwa halikai mahali pamoja. Wazazi wakasikia. Yule mhandisi wa siku zile akauliza ni vipi mtu wa jicho moja anawarushia watoto mpira mgumu. Ndipo wengine wakauliza. Kwa muda wote ule hakuna mtoto aliyewahi kuumia mikononi mwake hata pua, ila swali likishaulizwa hivyo halina jibu. Siku moja Kocha akaitwa ofisini. Nilimsubiri nje. Alitoka haraka.

"Amesemaje?"

"Amenipa kiti," akasema. "Ameniuliza habari za mama."

Walimhamishia tawi la Jeddah, kutunza stoo ya vifaa. Hakulalamika. Watoto walilia, isipokuwa wawili wa madam wake Mwanasiti, ambao dada huyo aliwakataza wasilie mbele ya Kocha mpaka basi liondoke. Yeye mwenyewe alimfungia Kocha mandazi kwenye mfuko, akamwambia kwa Kiswahili, "Nenda salama, mzee, na uvae kofia." Kocha akajibu "Poa." Nikamtafsiria Kocha kila kitu njiani kuelekea uwanja wa ndege, akaniomba nirudie ile ya kofia.

Mimi, kwa kuwa dereva wa Kocha hakuwa na Kocha tena, nilitarajia kuondolewa. Wakanisahau. Nilipewa basi la watoto, na kocha mpya, kijana mzuri aliyepiga mpira ukavuka ukuta wa kompaundi. Watoto walimpenda. Vijiwe hakuviokota.

Miaka miwili baadaye mkataba wangu uliisha, nami nikaamua kurudi nyumbani kabisa. Ndege yangu ilikuwa ikitokea Jeddah, nikaenda siku moja mapema kwa basi ili nimwone. Alikuwa akikaa Ruwais, ghorofa ya pili ya nyumba kuukuu yenye ngazi nyembamba na harufu ya samaki, karibu na bahari lakini bahari huioni. Alikuwa amezeeka. Alinifungulia mlango akanitazama kwa muda, akasema, "Umenenepa," akaingia ndani kunitafutia kijiko.

Tulikula samaki na mkate wa tamis juu ya gazeti. Aliniuliza habari za Riyadh nami nikamweleza. Mwanasiti alikuwa amerudi Kwale, amefungua kibanda cha chai barabarani, anapata wateja. Binti yangu alikuwa amemaliza shule. Aliitikia kwa kichwa kila habari. Nikaona kama sitamuuliza leo sitamuuliza tena.

"Kocha, siku ile ya kupima macho. Ule ubao ulikuwa umeushika wote. Nilikuona midomo."

"Nilikuwa nimeushika. Mazoea."

"Basi kwa nini? Kwa ajili yangu?"

Akatafuna. "Wewe una kiburi, Kapteni."

"Si kwa ajili yangu?"

"Nilipokuwa kwenye foleni, ilikuwa kwa ajili yako. Nilikuwa nimekata shauri kusema sioni, upate kubaki. Na niliogopa kuendesha gari Riyadh. Yote mawili." Akatoa mwiba mdomoni, akauweka kwenye gazeti. "Lakini yule kijana aliposema hakuna tatizo, akachukua muhuri. Hapo haikuwa tena kwa ajili yako."

Nikamsogezea maji.

"Maisha yangu yote nimeuogopa ule ubao. Nimelala macho kwa ajili yake. Yule mzee mwema alinirushia mipira mpaka akaumia bega, nikamwacha anione mvivu. Nilidhani nikisema sioni mlango utafungwa. Na huyu hapa, mpimaji wa kwanza niliyewahi kumwambia, alitazama saa yake tu." Akapangusa vidole. "Nikafikiri, labda na yule daktari wa kwanza hakuwa akisikiliza. Labda hakuna aliyekuwa akisikiliza. Ningeweza kumtajia majina ya samaki."

Chini barabarani mtu alikuwa akifunga duka kwa ajili ya sala, pazia la chuma likishuka kwa kelele. Lilipotulia akamalizia.

"Nilitaka mmoja aandike. Mmoja tu."

 Nilimmegea mkate. Akaupokea.

Jioni nilipochukua begi langu alisema ananisindikiza mpaka chini. Tulipofika chini akasema mpaka kwenye teksi. Teksi iliposimama akaufungua mlango wa nyuma akaingia mwenyewe, akanisogezea nafasi. Njia nzima hakunisemesha mimi. Alikuwa akimwonyesha dereva makosa yake, kijana wa Kipakistani aliyemwita mjomba na kuendelea kuyafanya. Kwenye uwanja wa ndege alinitolea begi kabla sijaligusa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ile mikono iliyolipiwa, mikavu na mikubwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaushika kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.

"Wewe ulikuwa dereva mzuri," akasema. "Breki unachelewa."

Nikacheka. Akaniachia, akarudi ndani ya teksi. Nilipogeuka kwenye mlango wa kioo ilikuwa bado haijaondoka. Kocha alikuwa ameinama mbele, akibishana na yule kijana juu ya njia ya kurudi Ruwais.